Sakafu ya nyumba unayokarabati ili uiuze Dodoma: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, nyumba za zamani za mji huu zilianza kutazamwa kwa jicho jingine. Watu wananunua nyumba iliyochoka Makole, Chang'ombe, Kikuyu au Area C, wanaikarabati, wanaiuza. Nami nimo katika kazi hiyo. Swali la sakafu hunifikia kuliko la bati, rangi au jipsamu, na mara nyingi hunifikia pesa ikiwa imeshatumika. Ndiyo maana nimeyaandika majibu haya: yakufikie kabla hujaenda dukani.

Mnunuzi anaangalia eneo na hati. Sakafu ina uzito gani hasa?

Ni kweli, eneo na hati vinatangulia. Bila hivyo hata getini hafiki. Lakini akishaingia ndani, kitu pekee cha nyumba anachokigusa muda wote ni sakafu. Ukuta anautazama tu, dari analitupia jicho mara moja. Sakafu anaikanyaga kuanzia mlangoni hadi chumba cha mwisho, na mguu una akili zake.

Nilikuwa na nyumba Ilazo. Akaja mama mmoja, mtumishi aliyehamishwa kutoka Dar es Salaam. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, akatembea peku polepole kutoka sebuleni hadi jikoni. Karibu na dirisha akasimama, akakanyaga kwa kisigino mara mbili, akatoa ufunguo kwenye mkoba na kugonga: ko, ko, ko. Akasogea hatua moja, akagonga tena. Safari hii sauti ilikuwa nzito. Akarudi pale pa mwanzo. "Baba, hapa ndani pako wazi," akaniambia. Alikuwa sahihi. Marumaru tatu zilikuwa hazijashika chini.

Nyumba aliinunua, lakini hakukata bei ya marumaru tatu. Alikata gharama ya kurudia sebule nzima, na sikuwa na neno la kumjibu, maana mtu akishakuta kosa moja ana haki ya kuhofia mengine asiyoyaona.

Nianze na marumaru au nianze na kilicho chini yake?

Anza chini. Ukisoma jibu moja tu hapa, lisome hili.

Wagogo wanasimulia kwamba jina la mji wetu limetokana na neno *idodomya*, mahali palipozama. Kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha tembo aliyeshuka kunywa maji kwenye kijito cha Kikuyu, akanasa topeni, akadidimia. Ukiwa mjenzi, kisa hicho kinakuhusu. Si ardhi yote ya Dodoma iliyo laini. Kuna sehemu sururu inakutana na mwamba kabla hujachimba futi mbili. Lakini mabondeni kuna udongo wa mfinyanzi, ule mweusi wa mbuga, ambao mvua ikinyesha unavimba, na kiangazi unanywea hadi unapasuka nyufa za kuingiza kidole. Nyumba iliyokaa juu ya udongo wa namna hiyo hupanda na kushuka kila mwaka. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kati ya Novemba au Desemba na Aprili, kisha ukame mrefu. Yaani ardhi inalowa sana halafu inakauka sana, na jamvi, yaani zege la chini ya sakafu, linabeba adha zote mbili.

Kwa hiyo kabla ya kununua hata boksi moja, ondoa makapeti yote, fagia, kisha tembea na tochi ukiimulika sakafu kwa ubavu. Nyufa nyembamba kama nywele, zilizotawanyika bila mpangilio, mara nyingi ni za saruji iliyokauka haraka. Hizo hazinisumbui. Ufa unaonitia wasiwasi ni ule unaopita chumba kizima, au unaoingia sarafu, au ambao upande mmoja umenyanyuka kuliko mwingine. Ukiona ufa wa sakafu umepanda na ukutani, simama hapo. Hiyo si kazi ya fundi marumaru tena. Mlete mhandisi, umlipe, umsikilize.

Kujua kama ufa bado unatembea, paka plasta kidogo kuuvuka, sehemu mbili tatu, uandike tarehe kwa penseli. Plasta ikikatika, nyumba inaendelea kucheza. Ukipata nafasi ya kuiacha ipite kipindi cha mvua, ipitishe. Najua pesa iliyolala inauma, lakini marumaru zikikatika mikononi mwa mwenye nyumba mpya zinauma zaidi, na jina linaloharibika ni lako.

Tena mara nyingi dawa iko nje. Maji ya bati yakianguka ukutani kila mvua, udongo wa upande huo unavimba peke yake na kuinua kona moja ya nyumba. Weka gata, peleka maji mbali, mwaga zege jembamba lenye mteremko kuzunguka msingi. Nimeona nyufa zikitulia kwa kazi hiyo tu, bila kugusa ndani.

Nitajuaje kama kuna unyevu unaopanda kutoka ardhini?

Chukua nailoni nzito ya mita moja kwa mita moja, ibandike sakafuni kwa utepe wa gundi pande zote nne, uiache siku nzima na usiku wake. Ukikuta matone upande wa chini wa nailoni, au saruji imebadilika rangi, unyevu upo. Alama nyingine ni unga mweupe wa chumvi sakafuni na rangi inayobanduka chini ya ukuta. Tafuta chanzo kwanza: bomba linalovuja, karo lililojaa, au jamvi lililomwagwa bila nailoni chini yake.

Sakafu ya sasa ni ya niru (saruji iliyolainishwa juu ya zege), imepasuka na kubanduka. Naweza kupiga marumaru juu yake?

Unaweza, ila si juu ya kilicholegea. Gonga sakafu yote kwa nyundo ndogo. Kila inapolia kama debe tupu, chonga mpaka ukutane na zege gumu. Niru iliyobaki inateleza, kwa hiyo nayo ichapwe vishimo kwa patasi ili saruji mpya ipate pa kung'ang'ania. Fagia, osha vumbi lote. Vumbi la Dodoma ni laini kama unga wa muhogo, na likibaki katikati ya zege na saruji mpya hakuna kitakachoshika.

Kisha pima usawa kwa rula ndefu ya alumini na pimamaji. Mabonde yajazwe mapema na kuachwa yakauke, yasisubiri kufichwa na saruji ya marumaru. Angalia na milango: marumaru na saruji yake vinapandisha sakafu sentimita 3 hadi 5, na mlango uliokuwa ukifunguka vizuri utagoma.

Nichague marumaru gani?

Kwa nyumba ya kuuza Dodoma, marumaru ndiyo jibu langu mara tisa kwa kumi. Mnunuzi ameizoea, mchwa hawaili, maji hayaiozeshi, vumbi linafutika. Swali linabaki ni ipi.

Dukani utakutana na seramiki na poseleni. Seramiki ni laini zaidi na hunywa maji. Ukiivunja, ndani ni udongo wa rangi nyingine. Poseleni imechomwa kwa joto kali zaidi, ni nzito, na hunywa maji chini ya asilimia 0.5 ya uzito wake. Hapo pana faida na mtego. Faida ni kwamba inahimili kukanyagwa na kukokotwa samani. Mtego ni kwamba saruji ya kawaida haiishiki vizuri, kwa hiyo inataka gundi ya marumaru. Fundi anayekuambia "tutapiga kwa saruji tu, bosi, itashika" anazungumzia seramiki. Mimi naweka poseleni sebuleni na korido, seramiki nzuri vyumbani.

Kuhusu ukubwa, sentimita 60 kwa 60 inaipa sebule ya kawaida sura ya kisasa bila kulazimisha ukataji mwingi. Vyumbani 40 kwa 40 inatosha. Zile kubwa za 60 kwa 120 ni nzuri kwa macho, ila zinadai sakafu iliyonyooka kabisa, na nyumba za zamani hazina sakafu hizo. Ukilazimisha, ncha zinapishana na mguu unajikwaa.

Sasa rangi, ambayo naona wengi wanakosea. Nyeupe inayong'aa inavutia dukani chini ya taa. Ilete Nzuguni au Mkonze mwezi wa nane, upepo ukiwa umepiga tangu asubuhi: ukipiga deki saa mbili, saa nne alama za nyayo nyekundu zinaonekana kila mahali. Mnunuzi anayekuja saa sita anakuta nyumba chafu iliyosafishwa asubuhi ileile. Nyeusi nayo ni hivyohivyo, inaonyesha kila chembe. Chagua rangi ya kati, ile ya chai ya maziwa au ya mchanga, yenye mabaka hafifu. Grauti, ile ya kujazia nafasi kati ya marumaru, nayo iwe ya kijivu au kahawia hafifu, kwa sababu nyeupe itageuka rangi ya vumbi ndani ya miezi michache.

Usichanganye mitindo. Nimeingia nyumba yenye sebule ya marumaru zenye maua, korido ya kijivu, na kila chumba na rangi yake, na nikajua mara moja kwamba mwenye nyumba alikuwa akinunua masalia ya dukani. Rangi moja kutoka sebuleni hadi korido na vyumbani huifanya nyumba ndogo ionekane pana.

Marumaru nyingi siku hizi zinatoka viwanda vya Mkoa wa Pwani, Mkuranga na Chalinze, na hiyo ni nafuu kwetu. Mwenye nyumba akivunja moja miaka miwili baadaye ana mahali pa kuulizia. Ila hata za kiwanda kimoja, angalia namba ya toleo na ya kivuli cha rangi ubavuni mwa boksi. Maboksi yote yawe na namba moja. Yasipolingana, tofauti huioni ukiwa na boksi mkononi. Utaiona zikishalala chini, jua la jioni likiingia dirishani.

Nitahitaji maboksi mangapi?

Sebule ya mita 5 kwa mita 4 ni mita za mraba 20. Ongeza asilimia 10 ya kukata na kuvunjika, unapata 22. Boksi la 60 kwa 60 lenye marumaru 4 linafunika mita za mraba 1.44. Gawanya: 15.3, kwa hiyo nunua 16. Ukipanga kuzilaza kimshazari, ongeza asilimia 15 badala ya 10. Soma idadi iliyoandikwa kwenye boksi lenyewe, usimtegemee muuzaji anayekisia.

Terazo ya zamani niing'oe?

Usiing'oe. Terazo ni vipande vya mawe ndani ya saruji, na uzuri wake hauko juu tu, umo ndani. Mtafute mwenye mashine ya kusugulia, aisugue kwa maji kwa mawe makali kisha laini, azibe matundu, amalizie kwa nta. Inarudi kung'aa kwa gharama ambayo mara nyingi ni ndogo kuliko kuvunja na kupiga marumaru upya. Mnunuzi anayejua nyumba ataiheshimu, na asiyejua ataona sakafu inayong'aa.

Kumwaga terazo mpya kwa nyumba ya kuuza, hapana. Inachukua muda, na tope lake linachafua nyumba nzima.

Je, niru ya rangi inatosha?

Kwa vyumba vya kupangisha, ndiyo. Kwa nyumba ya familia unayotaka kuuza eneo kama Kisasa au Area D, mnunuzi ataihesabu kama kazi isiyomalizika na kukukata bei.

Mbao, laminati, au sakafu za plastiki za kubofya?

Mbao na laminati, ile ya unga wa mbao ulioshindiliwa, siziweki. Mchwa wa huku hawabahatishi, na laminati ikiloweshwa na ndoo moja iliyomwagika inavimba kwenye maungio. Zile za kubofya, za plastiki ngumu, haziliwi na mchwa wala hazivimbi, na usiku wa Juni na Julai, baridi ya Dodoma ikishika, ni raha kwa mguu. Naziweka chumba masta pekee, na sharti sakafu ya chini iwe imenyooka. Kapeti la plastiki la kukunjua lisiwepo kabisa siku ya kuonyesha nyumba. Kitu cha kwanza atakachofanya mnunuzi ni kuinua kona yake aone kinachofichwa.

Chooni na bafuni je?

Hapa usibane pesa. Marumaru iwe yenye uso wa kukwaruza, ndogo, 30 kwa 30, kwa sababu ndogo zinafuata mteremko vizuri. Mteremko uwe sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea tundu la maji. Sakafu ya bafu ikae chini ya ile ya chumba kwa sentimita 2 hivi, maji yasitembee kwenda kitandani. Kabla ya marumaru, paka dawa ya kuzuia maji sakafuni na ukutani, sentimita 30 kwenda juu, na zaidi upande wa bomba la mvua.

Halafu jaribu. Ziba tundu kwa tambara lililofungwa ndani ya nailoni, jaza maji kina cha sentimita 3, weka alama ukutani, yaache hadi kesho yake. Yakipungua sana, usipige marumaru. Mimi huwa nalala siku hiyo nikiwa na wasiwasi, na asubuhi ndiyo safari yangu ya kwanza.

Namsimamiaje fundi?

Narudi Ilazo. Zile marumaru tatu zililazwa alasiri moja ambayo sikuwepo. Nilipoing'oa ya kwanza, chini yake nilikuta madonge matano ya saruji, manne kwenye kona na moja katikati, kama maandazi kwenye sinia. Kati yake hewa tupu. Fundi alikuwa anakimbiza jua lisizame. Saruji inapaswa kufunika chini yote, na gundi itandazwe kwa mwiko wa meno, marumaru ikandamizwe na kugongwa kwa nyundo ya mpira. Muda wowote una haki ya kumwambia "hebu inua hiyo moja." Ikitoka na saruji imejaa mgongo wote, mpe maji ya kunywa aendelee.

Kuna mambo ya hali ya hewa yetu ambayo fundi aliyetoka pwani huenda asiyazoee. Hewa ni kavu na upepo unanyonya maji kwenye saruji kabla haijakomaa. Achanganye kidogo kidogo, kiasi cha kumaliza ndani ya saa moja. Seramiki ilowekwe kwenye pipa mpaka iache kutoa mapovu, kisha isimamishwe ichuje. Sakafu ya chini inyunyiziwe maji kabla ya saruji ya kawaida, ilowe bila kutuamisha maji. Madirisha ya upande wa upepo yafunikwe. Kama umemwaga jamvi jipya, lifunike magunia na kulimwagilia siku 7 bila kuruka, na usilipige marumaru kabla ya siku 28.

Aache nafasi ya milimita 2 au 3 kati ya marumaru, na milimita 8 hivi kando ya ukuta, isiyojazwa saruji; skatingi, ule ukanda wa chini ya ukuta, itaifunika. Marumaru zilizobanwa ukuta kwa ukuta, joto likizitanua, hunyanyuka katikati ya chumba kama paa la hema. Grauti isubiri siku nzima.

Asubuhi pita mwenyewe na mpini wa mwiko, ugonge kila marumaru, katikati na kona zote. Inayolia wazi, weka alama ya chaki. Lipa kwa mita za mraba zilizokaguliwa, si kwa siku, na mkubaliane hivyo kabla ya boksi la kwanza kufunguliwa.

Nitumie kiasi gani?

Tazama nyumba zinazouzika mtaa huohuo, uwe sawa nazo au juu kidogo. Mawe ya gharama kutoka nje hayataibadilisha Nkuhungu kuwa Uzunguni. Hesabu kwa mita ya mraba, ukijumlisha marumaru, saruji au gundi, mchanga, grauti, skatingi, usafiri na ufundi, maana wengi wanahesabu marumaru tu na kuishia njiani. Pesa ikipungua, shusha daraja la marumaru, usishushe kazi ya chini.

Kibaraza na ngazi?

Marumaru ya kukwaruza, daima. Inayong'aa nje itamvunja mtu nyonga mvua ya kwanza ya Desemba.

Nimwambie mnunuzi kuhusu ufa niliouziba?

Mwambie. Piga picha sakafu ilivyokuwa, ufa, kazi ya gata, jamvi lilipofungwa, na umwonyeshe zikiwa kwenye simu yako kabla hajauliza. Nimefanya hivyo kwa wanunuzi kadhaa na hakuna aliyekimbia. Mmoja alikaa kibarazani nusu saa akizitazama moja baada ya nyingine, kisha akauliza lini anaweza kuleta pesa ya awali.

Na ukikabidhi funguo, acha stoo maboksi mawili ya marumaru zilezile, mfuko mmoja wa grauti, na karatasi yenye namba ya toleo ubavuni mwa boksi, imeandikwa kwa kalamu isiyofutika.